Kabla ya kumwandikia muuguzi barua, ikague wodi yako

Nilipokabidhiwa wodi ya wanawake, hapa Pemba, haukupita mwezi nikawa nimeshaandika barua mbili za kutaka maelezo. Zote zilikwenda kwa muuguzi mmoja, na kosa lilikuwa lilelile: dawa za saa 2 usiku alizitoa saa 4. Akanijibu kwa mistari mitatu. Usiku ule alikuwa peke yake na wagonjwa 31, mashine ya presha ilikuwa imeazimwa na wodi ya pili na haijarudi, na ufunguo wa kabati la dawa ulikuwa umekwenda nyumbani na mtu wa zamu ya mchana, ndani ya mfuko wa sare yake. Niliisoma karatasi ile mara mbili nisione uvivu popote. Nilichokiona ni wodi mbovu, na msimamizi wake ni mimi.

Mwongozo huu nauandika kwa anayesimamia wodi, awe Micheweni, Wete, Chake Chake, Mkoani, Kivunge au Makunduchi, na kwa matroni aliye juu yake. Kazi ya muuguzi ikilegea, wa kwanza kuhojiwa iwe ni wodi anayofanyia kazi. Mengi ya kurekebisha hayahitaji fedha ya wizara. Machache yanahitaji, nayo nitayataja mwishoni. Fuata mpangilio. Ukianza kwa kuwasema watu, watakuzibia masikio kabla hujagusa kinachowachosha.

Hatua ya 1: Fuatana na zamu nzima, daftari mkononi

Chagua muuguzi mnayeaminiana, muombe ruhusa, na umwambie wazi kuwa anayekaguliwa si yeye, ni wodi. Mfuate tangu anapopokea zamu mpaka anapoikabidhi. Gawa ukurasa safu tatu: alichomfanyia mgonjwa, alichokwenda kukitafuta, na alichokisubiri. Andika na dakika. Usisahihishe kitu siku hiyo, hata kikikukera vipi, kwa sababu ukianza kusahihisha ataacha kumfanyia kazi mgonjwa, atakufanyia wewe.

Fanya hivyo zamu ya asubuhi, ya mchana na ya usiku, na ya usiku usiiruke. Wasimamizi wengi tunaijua wodi ya asubuhi tu, wakati daktari yupo, stoo iko wazi, maabara inapokea sampuli na wanafunzi wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, wamejaa. Wodi ya saa 9 usiku ni nyengine kabisa.

Kwangu mimi safu ya pili ilijaa kabla ya saa 4 asubuhi. Plasta ilifuatwa chumba cha vidonda, kipimo cha sukari kilifuatwa wodi ya wanaume, faili lilifuatwa masjala na halikuonekana. Maradhi haya yana umri. Mwaka 1853, Florence Nightingale alipokabidhiwa hospitali ndogo ya wanawake London, miongoni mwa mambo aliyoyadai mwanzo kabisa ni maji ya moto yafike kila ghorofa kwa bomba, na chakula kipandishwe kwa chombo cha kuvuta kwa kamba. Bila hivyo, alisema, muuguzi anageuzwa jozi ya miguu. Nimelikumbuka neno hilo kila nilipomuona mwenzangu akikimbia ukumbini na sindano moja mkononi.

Hatua ya 2: Leta vifaa karibu na mgonjwa

Hospitali nyingi za Tanzania zimefundishwa utaratibu wa S tano uliotoka Japani: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Wengi tulikwenda semina, bango likatundikwa, tukaishia kwenye bango. Mimi nakushauri uanze na neno la kwanza peke yake. Sasambua. Fungua makabati yote siku moja tulivu, toa stendi za dripu zilizovunjika, mashine zilizokufa, chati za miaka iliyopita. Usizitupe, mali ya serikali ina utaratibu wake wa kufutwa. Ziorodheshe, mtu wa stoo asaini, zitoke wodini. Nafasi itakayopatikana iweke vitu vinavyoguswa kila saa: kanula (mirija midogo ya mshipani), plasta, pamba, spiriti, glavu, sindano. Toroli moja inayojazwa mwanzo wa kila zamu inapunguza nusu ya safari ulizoziandika kwenye safu ya pili.

Ufunguo wa kabati uwe na daftari lake, na zamu isikabidhiwe mpaka ufunguo umepita mkono kwa mkono. Kifaa kinachoazimwa kiandikwe kimekwenda wapi, saa ngapi, kwa jina la nani. Na wa kukifuata awe msimamizi, si muuguzi mwenye wagonjwa.

Dawa za dharura ziweke kwenye kasha lenye lakiri nyepesi inayokatika kwa mkono. Kila zamu itazame lakiri tu. Ikikutwa imekatwa, kasha lijazwe saa ileile. Kwenye wodi ya wazazi, kasha la mama anayetokwa damu na kasha la kifafa cha mimba yasikae pamoja na yasifanane rangi, maana mtu mwenye haraka na hofu hunyakua kilicho karibu. Oksitosini, dawa ya kuzuia mama asitokwe damu baada ya kuzaa, ni ya friji, nyuzi 2 mpaka 8, kwa hiyo joto la friji liandikwe asubuhi na jioni.

Halafu mwanga. Pemba tunapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na waliokuwa kazini Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, kisiwa kizima kilipokosa umeme wa gridi, hawahitaji kuhubiriwa juu ya tochi. Zamu ya usiku ipokee tochi mbili zilizochajiwa, ziandikwe kwenye ripoti kama anavyoandikwa mgonjwa. Muuguzi anayetafuta mshipa wa mtoto kwa mwanga wa simu aliyoibana kwa meno, usimuulize amechoma mara ngapi.

Hatua ya 3: Gawa wagonjwa kwa uzito, usigawe kwa vitanda

Hapa ndipo wodi nyingi zinapoumia, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Tulizoea kugawa hivi: wewe kitanda 1 mpaka 10, wewe 11 mpaka 20. Ukitazama ni haki. Lakini kitanda 3 kina mama aliyetoka upasuaji alfajiri, 5 kina mtu wa sukari aliyepoteza fahamu, 8 ana damu inayoingia. Na kule kwa mwenzake saba wanasubiri karatasi za ruhusa. Ifikapo mchana mmoja hajala, na mwengine anasemwa kuwa anakaa tu. Ugomvi wa wauguzi wengi niliowahi kuusuluhisha ulianzia kwenye mgawo wa namna hii.

Kila asubuhi, baada ya ripoti, wape wagonjwa rangi. Nyekundu ni anayehitaji jicho kila nusu saa: aliyetoka upasuaji, anayepewa oksijeni, anayeongezewa damu, mwenye kifafa cha mimba. Njano ni wa kila baada ya saa 4. Kijani ni anayejihudumia mwenyewe. Nyekundu ihesabu 3, njano 2, kijani 1, kisha gawa hesabu ile badala ya vitanda. Wekundu wahamishie karibu na meza ya wauguzi, hata kama kuhamisha kitanda kunachosha. Kunachosha mara moja. Rudia hesabu jioni kabla ya kukabidhi usiku, kwa kuwa rangi hubadilika.

Jihadhari na jambo moja. Muuguzi hodari huadhibiwa kwa uhodari wake: wekundu wote wanapelekwa kwake, kwa sababu "fulani anaweza". Anaweza mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu anaomba uhamisho, au anabaki mwili tu. Mpe wekundu wawili, na wa tatu mpe mdogo wake akae pembeni yake ajifunze.

Unaweza kusema mzigo ni mzigo, watu hawatoshi, mgawo wowote ni bure. Naelewa. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Linda Aiken walichapisha walichokiona katika hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania: kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7. Kule kulinganishwa kulikuwa baina ya wagonjwa 4 na 8 kwa muuguzi mmoja. Kwetu zamu ya usiku yenye wagonjwa 8 ni nadra. Ndiyo maana nakwambia mgawo una thamani zaidi kwetu kuliko kwao: aliye na watu wachache hana pa kupotezea hata mmoja.

Na tunawapoteza. Tazama safu ya tatu ya daftari lako: muuguzi amebeba sampuli maabara, amefuata damu, amesukuma kitanda cha magurudumu. Kazi hizo ziorodheshe na uzikabidhi kwa wahudumu wa wodi kwa maandishi. Halafu kuna rufaa. Mgonjwa akitoka Micheweni kwenda Chake Chake, au Hospitali ya Abdalla Mzee kule Mkoani, muuguzi hupanda naye gari la wagonjwa. Akivushwa Unguja kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, zamu nzima imekwenda. Kila siku liwepo jina la atakayesindikiza na jina la atakayeitwa kushika nafasi yake, na yule wa kuitwa ajue tangu asubuhi kuwa simu inaweza kulia.

Hatua ya 4: Ripoti itolewe kitandani

Ripoti ya mezani husomwa kwenye daftari na kusikilizwa kwa nusu sikio, kwa kuwa anayeondoka anawaza gari na anayeingia bado anavaa viatu. Wapeleke kitandani, wote wawili. Kwa kila mgonjwa wasemezane mambo matano tu: ni nani na kimemleta nini, nini kimebadilika zamu hii, dawa gani imetolewa na ipi bado, majibu gani yanasubiriwa, na nini cha kukiogopa usiku wa leo. Hilo la tano ndilo linalookoa watu. Kanula itazamwe kwa macho, dripu ishikwe, mkojo upimwe kwenye mfuko wake. La siri, kama majibu ya kipimo ambacho jamaa hawakijui, lisemwe pembeni kwa sauti ndogo.

Hatua ya 5: Linda saa ya dawa

Mwaka 2010 watafiti wa Australia walichapisha waliyoyaona wakiwafuata wauguzi wakitoa dawa katika hospitali mbili za Sydney: kila walipokatizwa, makosa yaliongezeka, kwa asilimia 12 na ushei kwa kila kukatizwa mara moja. Sasa simama mlangoni pa wodi yetu saa 8 mchana. Sista, dripu imesita. Dada, shuka limerowa. Bibi mmoja anakushika mkono: "Mwanangu, hebu njoo umtazame huyu, kalala hivi tangu asubuhi." Na huwezi kumpita bibi wa watu.

Hatupingani na mila. Kwetu mtu akilazwa, ukoo mzima umelazwa, na jamaa ndio wanaomlisha, wanaomgeuza, wanaomtia udhu. Ukiwafukuza umejiongezea kazi usiyo na watu wa kuifanya. Wapange.

Wakati wa dawa, anayetoa dawa avae kitambaa cha rangi kifuani, na mwenziwe mmoja awekwe kujibu kila mtu. Jamaa waambiwe tangu siku ya kulaza kuwa mwenye kitambaa hasemeshwi. Akisemeshwa hata hivyo, jibu ni moja, kwa upole: "Nakuja, bibi, namalizia dawa ya mwenzake." Zamu ya usiku yenye mtu mmoja haiwezi kufanya hivi, hapo tafuta mhudumu au jamaa mtu mzima asimame mlangoni kwa dakika zile.

Kila mgonjwa awe na msemaji mmoja, jina na simu yake mbele ya faili. Baada ya raundi, saa moja maalumu, wasemaji wakae na muuguzi waelezwe hali ya mgonjwa wao. Tulipoanza hivi, mlolongo wa maswali ya njiani ulipungua wiki ya kwanza tu. Watu huuliza mara kumi wanapoona hakuna saa ya kujibiwa.

Na yakitoka matusi, au mtu akainua simu kumpiga picha muuguzi aisambaze kwenye makundi, wewe msimamizi ndiye wa kusimama mbele. Msikilize jamaa, mpeleke chumbani, pokea lalamiko lake kwa maandishi. Muuguzi asiachwe ajitetee peke yake ukumbini, mbele ya wagonjwa atakaowahudumia usiku kucha.

Hatua ya 6: Rota isiyomvunja mtu

Rota, yaani ratiba ya zamu, ibandike wiki 4 kabla. Muuguzi anayejua Jumamosi yake ya mwezi ujao anaweza kupanga harusi ya mdogo wake, na hatakuwa na haja ya kuugua siku hiyo. Zungusha zamu kwa mwendo wa jua: asubuhi, mchana, usiku, kisha mapumziko. Usimtoe mtu usiku ukamrudisha mchana wa siku ileile, hata akikubali. Atakubali kwa kukustahi.

Anza kwa kuandika siku ngumu za mwaka kabla ya majina. Msimu wa karafuu, watu huanguka kutoka mikarafuuni, na wauguzi wako nao wana mashamba ya wazee wao. Masika huleta matumbo na malaria. Kuna Idi mbili, na kuna Mapinduzi, Januari 12.

Ramadhani inataka kikao chake. Zamu ya mchana ndiyo inayokutwa na adhana ya magharibi, na dakika zile zote wodi hubaki tupu kama haikupangwa. Igawe: kundi la kwanza lifungue kwa tende na maji, liswali, lirudi, la pili nalo lifuate. Dawa za saa 12 jioni zitolewe nusu saa kabla pale daktari anaporidhia. Wa usiku wawe na mahali pa kupashia daku moto. Wenzetu wasio Waislamu mara nyingi hujitolea kushika saa ya futari. Uungwana huo usiugeuze sharti, na Krismasi ikifika urudishe.

Zamu ikiishia usiku wa manane, uliza watu wanafikaje nyumbani. Gari za abiria zimeshalala, na mama anayekaa Konde au Kengeja hawezi kutembea. Kama gari la hospitali halipatikani, zamu ile iishie alfajiri, kuwe na kitanda safi cha kusubiria. Mwenye mtoto mchanga usimpange usiku, na aliyerudi kutoka uzazi apewe chumba chenye mlango cha kukamulia maziwa. Hata stoo iliyosasambuliwa inatosha.

Hatua ya 7: Sindano na glavu

Sindano isirudishwe kwenye kifuniko chake. Sanduku la vyenye ncha kali lifungwe likifika robo tatu. Kila muuguzi awe amekamilisha dozi 3 za chanjo ya homa ya ini B, nawe uwe na orodha ya waliobakisha. Aliyechomwa aoshe kwa maji na sabuni, aripoti papo hapo. Dawa za kinga ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, zisipitishe saa 72, na zimezwe siku 28. Akija kuripoti usianze kwa kumuuliza alikuwa haangalii wapi. Ukimuuliza hivyo, wa pili hatakuja.

Hatua ya 8: Maneno, na haki ya semina

Kosa lisemwe chumbani, mlango umefungwa. Shukurani zisemwe ukumbini, mbele ya watu. Daktari akimfokea muuguzi kitandani kwa mgonjwa, mfuate daktari siku hiyohiyo, kwa heshima, umwambie kuwa muuguzi anayeogopa kufokewa hatampigia simu saa 8 usiku mgonjwa akibadilika.

Na semina. Hakuna kinachovunja moyo wodi kama majina yaleyale kwenda mafunzoni kila mara na posho zake. Bandika ukutani orodha ya nani kaenda, lini, kwa mafunzo gani. Wa chini ya orodha ndiye anayefuata. Akirudi, awafundishe wenzake nusu saa. Orodha ile iliposoma jina langu juu ya wote, nilijifuta mwenyewe mwaka mzima.

Hatua ya 9: Andika juu, kwa hesabu

Yanabaki yasiyo mkononi mwako: idadi ya wauguzi, kupanda daraja, malimbikizo, nyumba za watumishi. Usiandike "tuna upungufu mkubwa", sentensi hiyo imeshasomwa na kila ofisi. Andika ukurasa mmoja: kwa mwezi, zamu ngapi za usiku zilikuwa na muuguzi mmoja, hesabu ya rangi kila usiku ilikuwa ngapi, mara ngapi rufaa iliondoka na muuguzi, siku ngapi mashine ya presha haikuwepo. Omba kitu kimoja, kwa tarehe. Baki na nakala, na mwezi ujao peleka tena kwa muundo uleule, ili anayeisoma aone mstari ukipanda.

Hatua ya 10: Sasa mtazame muuguzi

Baada ya miezi mitatu atabaki mmoja au wawili ambao kazi yao bado si nzuri. Kaa naye. Muulize nyumbani kukoje kabla ya kumuuliza kazini. Kama hajui, mpange na anayejua kwa wiki 3. Kama anajua na hataki, muandikie, na uambatanishe mgawo wa siku ile, rota, na ukurasa wa ufunguo, vyote vikionesha kuwa alikuwa na watu, vifaa na muda.

Zile barua zangu mbili za kwanza bado zimo kwenye faili lake. Nyuma yake imo ya tatu, niliyoiandika mimi na kuisaini, inayoeleza mashine ya presha ilikuwa wapi usiku ule na ufunguo ulilala nyumba gani.